Miti Ambayo Hakuna Aliyeipanda



Kila mara mvua zinapokaribia, maombi tunayopata kutoka Wamaza, Kasongo na Kabambare yanafanana: mtutumie miche. Miche ya akasia, miche ya eukalipto, hata "miche yoyote ile, agronoma, mradi tu iko miti." Maombi ni mazuri, na tutaendelea kuyajibu kadiri tunavyoweza. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya miti mingine, ile ambayo hakuna mtu aliyeipanda, hakuna shirika lililoileta kwa gari, na tayari iko ndani ya mashamba yenu. Tunaifyeka kila msimu, mara mbili au tatu, bila hata kuitazama.

Ingia katika shamba ulilofungua mwaka jana, lile ambalo mihogo imeanza kulifunika. Inama kidogo. Kati ya mistari utaona visiki vilivyotoa machipukizi, kumi au ishirini kwa kisiki kimoja, membamba kama fimbo za kuchungia mbuzi. Pembeni kidogo utaona vijiti vingine vinavyotoka moja kwa moja ardhini, na hapo hakuna kisiki kinachoonekana. Ukivifukua utakuta mizizi minene kuliko mkono wako. Chipukizi linalofika magoti tu linaweza kuwa na mizizi ya miaka mingi. Limekatwa, limeungua, limekatwa tena, na kila mara linarudi, juu ya akiba iliyobaki chini. Linganisha na mche wa mfuko wa plastiki: mizizi yake ni mirefu kama mfuko wenyewe, na kiangazi cha kwanza kinaukuta bado haujajua maji yako wapi. Nani kati ya hao wawili atafika mwaka wa tano? Wenyewe mnajua jibu, juu mmeona miche mingapi ya miradi imekauka pembeni ya barabara.

Ndugu zetu wa Dodoma, Tanzania, wanaiita kazi hii Kisiki Hai. Ni jina zuri, na mimi naliiba bila haya. Sisi tuliosoma agronomia tulifundishwa jina refu la Kifaransa, lakini Kisiki Hai linasema yote kwa maneno mawili: kisiki hakijafa, wewe ndiye unayekizuia kusimama.

Kazi hii haikuanza jana. Huko Niger, nchi kavu sana, ambayo mvua yake si hata nusu ya ile tunayopata Maniema, agronoma mmoja wa Australia, Tony Rinaudo, alihangaika miaka kadhaa kupanda miti katika eneo la Maradi na karibu yote ikakauka. Mwaka 1983 alitambua kwamba vichaka alivyokuwa akivipita kila siku havikuwa vichaka, bali visiki vya miti iliyokatwa, vikijaribu kurudi. Akaanza na wakulima wachache: chagua machipukizi machache, ondoa mengine, chunga yaliyobaki. Leo katika nchi ile eneo linalohesabiwa kuwa limerudishwa miti kwa njia hiyo ni karibu hekta milioni 5. Hakuna pepinyeri duniani ambayo ingeweza kutoa miche ya kujaza eneo hilo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi, tena ni wa watu wenye desturi kama zetu. Mkoani Shinyanga, Tanzania, misitu ilifyekwa miaka mingi ili kuondoa mbung'o, kisha pamba na ng'ombe vikamaliza iliyobaki. Mwaka 1986 serikali ilianzisha programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Jambo la maana ni hili: programu haikuleta sheria mpya. Ilirudisha desturi ya Wasukuma inayoitwa ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili ifunguliwe kiangazi kikiwa kikali. Wazee walijua mipaka, vijiji vilijua nani wa kuadhibiwa. Ndani ya ngitili miti ilirudi yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa na miti, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Kuni, asali, dawa, nyasi za kuezekea, vyote vikapatikana karibu na nyumba. Wamama ndio waliohesabu faida kwanza, kwa sababu ndio waliokuwa wakitembea.

Nitatoa nafasi kubwa kwa mti mmoja, mvule. Wafanyabiashara wa mbao wanauita kambala. Hapa kwetu kila mtu anaujua, na kila mtu anajua pia kwamba ile mikubwa imekuwa ya kutafutwa. Zamani ulikuwa unaiona nyuma ya nyumba, leo unaambiwa iko mbali, nyuma ya mto, na mwenye mashini ya kukata miti alishafika huko kabla yako.

Watu wengi wananiuliza: kwa nini hamtuletei miche ya mvule kwa maelfu, tupande hekta nzima? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba mvule haukubali kupandwa hivyo. Kuna mdudu mdogo sana anayetaga mayai kwenye machipukizi yake mapya. Pale mayai yalipo panavimba, panakuwa na uvimbe wa kijani kama dengu au kunde, kisha uvimbe unapasuka, unaoza, na ncha ya mti inakufa. Mti unatoa ncha nyingine, mdudu anarudi. Baada ya miaka miwili una kichaka kilichojikunja, si mti. Sehemu nyingi za Afrika wataalamu wa misitu walipanda mvule peke yake, juani, kwa mistari mizuri, na mdudu huyo akawashinda. Anapenda hasa mahali ambapo mivule michanga iko mingi pamoja na jua ni kali. Mvule mmoja uliojificha katikati ya miti mingine, wenye kivuli kidogo ujanani mwake, unaponyoka mara nyingi zaidi. Kwa hiyo shamba lako la zamani, lenye mchanganyiko wa vichaka, mihogo iliyozeeka na miti ya kila aina, ni pepinyeri bora ya mvule kuliko ile yetu yenye mistari.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mvule una dume na jike. Mti dume hutoa maua marefu yanayoning'inia, lakini hautoi matunda hata siku moja. Mti jike hutoa matunda laini ya kijani yanayofanana na kiwavi mnene, na ndani yake mna mbegu ndogo ndogo. Ukikata majike yote kwa sababu ndiyo manene, madume yaliyobaki ni wajane tu. Ukikata madume yote, majike hayatapata mbegu za kuota. Njo maana tunasema kila kijiji kihesabu mivule yake mikubwa, na wakati wa maua wazee wapite wakaweke alama: huu ni jike, huu ni dume. Kazi ya asubuhi mbili.

Na nani anapeleka mbegu? Popo. Wale popo wakubwa wa matunda, wenye manyoya ya rangi ya nyasi kavu, wanaokula usiku na kuangusha mbegu mbali na mama. Ndio wanaotua juu ya mti uliobaki katikati ya shamba, na ndiyo sababu mivule michanga inaota chini ya miti ambayo si mivule. Popo hao ni wasafiri kuliko sisi. Kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba wanakusanyika kwa mamilioni katika kimsitu kimoja cha Kasanka, Zambia, na wengine waliofungwa vifaa vya kufuatiliwa walionekana wakirudi ndani ya Kongo, mamia ya kilomita. Najua popo wanaliwa, sitakuja kuwahubiria juu ya sahani zenu. Nasema tu kwamba mti wanamolala mchana ukikatwa ili waanguke wote mara moja, mmepata nyama ya siku moja na mmepoteza wapandaji ambao hawadai mshahara.

Sasa tuje kwenye adui mkubwa kuliko shoka. Ni moto.

Karibu na Ndola, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Katanga, mtaalamu anayeitwa Trapnell alianza majaribio mwaka 1933 katika msitu wa miombo, ndugu wa miti yetu ya upande wa Kabambare. Alichukua vipande vya msitu akavitendea kwa namna tatu. Kipande kimoja kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, majani yakiwa makavu kabisa. Kingine kilichomwa mwanzoni mwa kiangazi, majani yakiwa bado na maji. Cha tatu hakikuchomwa kabisa. Matokeo yaliandikwa mwaka 1959, baada ya zaidi ya miaka 20. Kipande cha moto wa mwisho wa kiangazi kiligeuka kuwa majani marefu na miti michache sugu, msitu ulikufa. Kile cha moto wa mapema kilibaki msitu, na miti michanga ikaendelea kupanda. Kile kisichochomwa kilifungamana, kikaanza kuwa msitu mnene wa kivuli.

Fikirini maana yake. Ardhi ni ileile, mvua ni ileile. Kilichotofautisha ni tarehe ya kuwasha kiberiti. Moto wa mwishoni mwa kiangazi, ule wa mwezi wa nane ambao vijana wanauwasha kufukuza simbiliki, unapanda juu na unaua chipukizi hadi kwenye mzizi. Unakula nguvu ya akiba ya chini. Ukirudia miaka kumi, kisiki kinachoka, na siku hiyo ndiyo mti unakufa kweli. Na majani marefu yanayochukua nafasi yake yanaleta moto mkali zaidi mwaka unaofuata. Ni duara mbaya, na kila mwaka inameza sehemu nyingine ya msitu pembezoni.

Mimi siko kati ya wale wanaosema "moto hapana, kabisa kabisa." Wanaosema hivyo hawalimi. Shamba jipya la mpunga au mahindi bila moto ni mikono mingapi? Ninachoomba ni mambo matatu ambayo mkulima anaweza kuyafanya bila pesa.

La kwanza, kabla ya kuchoma shamba, safisha njia ya upana wa hatua nne au tano kuzunguka shamba lote, ukwangue mpaka udongo uonekane. Choma jioni, upepo umetulia, tena anzia upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi nyuma polepole. La pili, usirundike matawi na majani juu ya visiki. Hii inaonekana ndogo, lakini naiona karibu katika kila shamba ninalopita: mtu anatumia kisiki kama jiko. Kisiki kikipikwa hivyo hakichipui tena. Rundika mahali penye udongo mtupu, au juu ya magugu sugu unayotaka yafe. La tatu, sehemu ambayo koperative imekubali kuiacha irudi msitu, ichomwe pembezoni mwanzoni mwa kiangazi, mwishoni mwa mwezi wa tano au mwanzo wa mwezi wa sita, moto ukiwa mvivu. Hapo mwezi wa nane moto wa wawindaji ukifika, hautakuta chakula.

Kuhusu wawindaji, ushauri wangu ni kuwaweka ndani ya kazi, si kuwatangazia vita. Kijana anayejua simbiliki analala wapi ndiye anayejua pia moto utapita wapi. Awe mlinzi wa moto, na awe na sehemu yake ya kuwinda inayojulikana.

Sasa kazi yenyewe ndani ya shamba. Haiko ngumu.

Kabla ya kufyeka, pita na kamba za raffia au vipande vya kitambaa chekundu. Funga alama kwenye kila mti mchanga unaotaka ubaki. Ukishaanza kufyeka umechelewa, upanga hauchagui. Kwa kisiki kimoja, bakiza machipukizi mawili hadi matatu yaliyo wima na yenye nguvu, kata mengine yote karibu na kisiki. Kata kutoka chini kwenda juu, kwa upanga ulionolewa, ili ganda lisichanike. Yale uliyobakiza, punguza matawi ya chini hadi nusu ya urefu, usizidi hapo, juu mti unakula kwa majani yake. Rudi baada ya miezi mitatu au minne, kisiki kitakuwa kimetoa vijana wengine, uwaondoe. Mwaka wa pili bakiza moja au mawili. Matawi uliyokata ni kuni za kwanza, na vigingi vya kushikilia maharage. Kwa hiyo usiniambie faida itakuja watoto wakiwa wazee. Mbao za mvule, ndiyo, hizo ni za watoto na wajukuu. Kuni ni za mwaka huu.

Miti mingapi kwa hekta? Hapa watu wanaogopa, na wana sababu. Mama mmoja wa Wamaza aliniuliza wazi: "Agronoma, miti ikikomaa humu, mpunga wangu utaota wapi?" Ana haki. Mpunga hautaki kivuli, karanga pia hazitaki. Katika shamba la mpunga wa mlimani, acha miti kwenye mipaka tu na juu ya vichuguu, mahali ambapo hata hivyo hupandi. Katika mihogo na migomba unaweza kuacha zaidi: mimi ningeanza na miti 30 hadi 40 kwa hekta, iliyotawanyika, kisha nitazame misimu miwili. Ikizidi, punguza. Kukata ni rahisi siku zote, kurudisha ndiyo kazi.

Si kila mti una tabia moja, na hapa wazee wenu wanajua kuliko vitabu vyangu. Kuna ile ya jamii ya kunde, yenye majani madogo madogo na maganda ya mbegu kama ya maharage. Mingi kati yake inashirikiana na vijidudu kwenye mizizi, inaleta chakula cha hewani ndani ya udongo. Mukula, ule mti mwekundu ambao biashara yake ilitikisa Katanga mpaka mwaka 2019 ukawekwa katika orodha ya kimataifa ya mimea ambayo biashara yake inadhibitiwa, ni mmoja wa jamii hiyo. Ukiona mdogo shambani, funga kamba haraka. Miti mikubwa ya miombo ni tofauti. Nayo ina maganda kama maharage, lakini mingi haina ule ushirika. Ina ushirika mwingine, na uyoga. Ule uyoga wa njano na mwekundu ambao wamama wanauokota chini ya miti hiyo mvua zikianza hauwezi kuota bila mizizi yake. Umekata miti, umekata uyoga. Hautahamia kwenye eukalipto.

Na kuhusu akasia, nisieleweke vibaya. Kule Mampu, kwenye uwanda wa Bateke karibu na Kinshasa, wamepanda hekta karibu 8,000 za akasia kutoka Australia, kila jamaa ikipewa hekta 25, wanapata makala, asali na mihogo kwa zamu. Ni kazi nzuri kwa pahali palipokuwa majani matupu na mchanga. Sisi hatujafika pale. Sisi bado tuna mizizi chini. Kuvunja nyumba nzima ili kujenga kibanda cha plastiki siyo hesabu.

Nakuja kwenye sehemu inayoleta kelele katika mikutano: kujitolea.

Nani atazunguka mipaka mwezi wa tano? Nani atahesabu mivule? Mtu akisema "kujitolea", nusu ya mkutano wanasikia salongo, ile ya kulazimishwa, na nusu nyingine wanauliza perdiem ni kiasi gani. Wote wawili nawaelewa. Salongo ya zamani iliwafanya watu wachukie kazi ambayo wangeifanya wenyewe kwa furaha. Na perdiem za miradi, tuseme ukweli, zimefundisha watu kwamba kazi isiyo na bahasha si kazi. Mradi ukiondoka, walinzi wa miti wanaondoka nao. Mimi sitaki kuona tena komite ya msitu inayokutana siku gari la wageni linapokuja tu.

Kinachofanya kazi ni kile mnachokijua tayari, likelemba. Watu kumi, leo shamba langu, wiki ijayo shamba lako. Ongezeni jambo moja tu: kabla ya kikundi kufyeka shamba la mtu, kinapita kwanza kuweka kamba kwenye miti pamoja na mwenye shamba. Nusu saa. Na siku mbili za mwanzo wa kiangazi, kikundi hichohicho kinasafisha njia ya moto ya sehemu ya pamoja. Mwenye shamba anatoa chakula, kama kawaida. Hakuna daftari la mradi, hakuna fulana. Anayejitolea hapa anajitolea kwa jirani anayemjua, na jirani huyo atakuja kwake zamu yake ikifika. Komite iwe ndogo, na wamama wawe nusu yake, maana wao ndio wanaokutana na miti hiyo kila siku wakitafuta kuni na sombe.

Lakini iko swali zito chini ya hili, na nisipolisema nitakuwa nimewadanganya. Mti ni alama ya umiliki. Mwenye ardhi akimpa mtu shamba la kulima misimu miwili, mara nyingi anamkataza kupanda miti, kwa hofu kwamba kesho atasema "shamba ni langu, tazama miti yangu." Na mgeni, hasa ndugu zetu waliokimbia vita na kulima kwa kuazima, kwa nini achunge mvule ambao hataukata yeye wala mtoto wake? Nimeona kikundi cha kujitolea kikivunjika kwa jambo hili tu, si kwa uvivu.

Sheria inasaidia kidogo kama tukiijua. Kodi ya misitu ya Kongo, sheria namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, inasema kwamba misitu ni mali ya Serikali. Hapo ndipo watu wengi wanaishia, na wakubwa wengine wanapenda waishie hapo. Lakini kifungu cha 9 cha sheria hiyohiyo kinasema kwamba miti iliyo ndani ya kijiji au karibu yake kabisa, au ndani ya shamba la pamoja au la mtu binafsi, ni mali ya kijiji au ya yule mwenye shamba. Kwa hiyo mvule unaouchunga shambani si wa mfanyabiashara aliyekuja na karatasi ya kukata, wala hawezi kuukata bila kukubaliana nawe. Mwambie akuonyeshe karatasi yake, nawe umtajie kifungu cha 9.

Kati ya mwenye ardhi na anayeazima, andikeni mapatano mbele ya shefu wa lokalite, mistari mitano inatosha: miti mikubwa inabaki ya mwenye ardhi, kuni, vigingi, uyoga na viwavi vya miti aliyoichunga ni vya mlimaji muda wote anaolima, na kuchunga mti hakumpi mlimaji haki juu ya ardhi. Mwenye ardhi anapoona maneno hayo ya mwisho yameandikwa, hofu inapungua. Mlimaji naye anajua kuni zake hazitanyang'anywa. Karatasi mbili, moja kwa kila mmoja, na majina ya mashahidi.

Kwa vijiji vinavyotaka kulinda eneo kubwa, siyo shamba kwa shamba, iko njia nyingine: dekreti namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake kwa jina lake yenyewe, hadi hekta 50,000, bila mwisho wa muda. Ni safari ndefu, inataka ramani na mapatano na vijiji jirani, na hapo ndipo migogoro ya mipaka inaamka. Msianze nayo kama hata kikundi cha kamba za raffia hakijasimama. Anayetaka kuanza aje tuzungumze, tutatafuta namna ya kumwelekeza.

Mbuzi wanaulizwa sana, nimalize nao. Mwaka wa kwanza mbuzi ni mbaya kama moto, wanakula ncha tamu. Hakuna dawa ya mizunguko hapa: ama wafungwe mpaka chipukizi lipite urefu wa mtu, ama kila chipukizi lizungushiwe matawi ya miiba. Wengine wanapaka mavi ya mbuzi yaliyochanganywa na maji juu ya majani, mbuzi hataki kula penye harufu yake. Inafanya kazi mpaka mvua inyeshe, halafu unapaka tena. Kwa kisiki kimoja au viwili nyuma ya nyumba inatosha. Kwa hekta nzima, fungeni mbuzi.

Vikundi vitakavyopita na kamba msimu huu, vihesabu mara mbili: siku ya kufunga alama, na mara ya pili kiangazi kikiisha, kabla mvua haijashika. Andikeni jina la mti kwa Kizimba, kwa Kibangubangu, au kwa lugha yoyote mnayoitumia, sisi tutatafuta jina la kitabu. Hesabu ya mara ya pili ndiyo ninayoihitaji zaidi, hata kama ni ndogo.